Nani Anakagua Bastola Unayonunua?

Hotuba kwa mkutano wa wanajumuiya kutoka Afrika Mashariki na Kongo, Columbus, Ohio

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokubali kuacha mpira wa Jumamosi mkaja kukaa nasi, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumzie bunduki alinitahadharisha kwamba ukumbini humu wamo watu wa kila upande. Nawaona. Wamo walinzi wanaobeba bastola kazini. Wamo wenye maduka walionunua silaha baada ya kuvamiwa. Wamo wawili watatu wanaokwenda kuwinda kulungu kila mwisho wa Novemba. Wamo mama ambao hawataki kitu hicho kivuke mlango wao, na wamo ndugu kutoka Kivu na Burundi wanaoijua bunduki kwa namna ambayo hakuna hotuba itakayowafundisha zaidi. Sikuja kumshawishi mtu anunue, wala sikuja kumshawishi auze.

Mimi ni mkaguzi wa ubora. Kazi yangu ni kupima vipuri kiwandani kabla havijafungwa kwenye gari. Kipuri kikizidi kipimo, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, nakitia alama nyekundu na kinatolewa. Kwa hiyo swali nililokuja nalo ni la mkaguzi. Bastola ile unayoilipia kaunta, nani ameipima kwa niaba yako? Na ikigundulika kwamba ina kasoro, nani mwenye mamlaka ya kuamuru zote za aina hiyo zirudishwe?

Kwa upande wa serikali ya shirikisho ya Marekani, jibu ni kwamba hakuna. Najua mtu akisikia hivyo anadhani natia chumvi, kwa hiyo twende polepole.

Hapa Marekani kuna Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji. Waliotoka Tanzania wafikirie TBS, waliotoka Kenya wafikirie KEBS, ingawa kazi zao hazilingani kwa kila kitu. Tume hii inasimamia maelfu ya aina za bidhaa: vitanda vya watoto, pasi, ngazi, majiko, midoli. Inaweza kuweka kiwango ambacho kiwanda lazima kikifikie, na bidhaa ikiwa hatari inaweza kuiondoa sokoni.

Mwezi Oktoba 2023 tume hiyo ilitangaza kuondolewa sokoni kwa masanduku ya chuma ya kampuni ya Fortress Safe, kama 61,000. Ni yale masanduku ya kufungia bastola, yanayofunguka kwa alama ya kidole. Ilionekana kwamba baadhi yalikuwa yanafunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na kulikuwa na kesi mahakamani iliyodai kwamba mtoto wa miaka 12 alifariki kwa silaha iliyotolewa ndani ya sanduku kama hilo. Tume ikafanya kazi yake, watu wakaambiwa waache kuyatumia na wapewe mengine.

Lakini kama kasoro ingekuwa ndani ya bastola iliyowekwa humo, tume ile ile isingeruhusiwa hata kufungua faili.

Chukueni mfano mwingine. Mwaka 2001 tume iliifungulia mashtaka kampuni ya Daisy kwa ajili ya bunduki za upepo, zile za vigololi ambazo vijana hupigia makopo. Ilidai kwamba katika aina mbili za bunduki hizo kigololi kinaweza kukwama ndani, mtu akaamini haina kitu, kisha ikapiga. Zilikuwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 7, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2003. Bunduki ya upepo si silaha ya moto kisheria, ndiyo maana tume iliweza kuigusa. Bunduki ya kweli ikiwa na kasoro iyo hiyo, ya risasi kubaki ndani bila mwenyewe kujua, iko nje ya mkono wake.

Haya hayakutokea kwa kusahaulika. Sheria iliyoanzisha tume ilitiwa saini na Rais Nixon tarehe 27 Oktoba 1972, na ndani yake mna orodha ya vitu visivyohesabiwa kuwa bidhaa za walaji. Ukiisoma juu juu utaona kama bunduki haikubaguliwa, maana magari yamo kwenye orodha, ndege zimo, dawa na vyakula vimo, na dawa za kuulia wadudu zimo. Sasa chukua kila kimoja uulize kina nani. Magari yana idara yake ya usalama barabarani. Ndege zina mamlaka yake. Dawa na vyakula viko chini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Vilitolewa kwa tume kwa sababu vilikuwa na mlezi mwingine. Tumbaku ndiyo ilibaki miaka mingi bila mwenyewe, mpaka mwaka 2009 sheria ilipoikabidhi kwa FDA. Bunduki na risasi zilitolewa kwa tume na hazikupewa mtu mwingine, na hadi leo ziko hivyo hivyo.

Mtu ataniuliza kuhusu ATF, idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. ATF ipo, na kazi yake si ndogo: inatoa leseni kwa watengenezaji na wauzaji, inafuatilia namba za bunduki zilizotumika katika uhalifu, inakagua vitabu vya maduka. Lakini haina uwezo wa kumwambia mtengenezaji wa hapa kwamba bastola yako ikianguka sakafuni isilipuke. Na hapa pana jambo ambalo, kila nikilisoma, mkaguzi aliye ndani yangu hukasirika. Kwa bastola zinazotoka nje ya nchi kipimo kipo! Tangu sheria ya mwaka 1968, bastola ya kigeni hupewa alama kwa urefu, uzito na vifaa vya usalama. Isipofikisha alama 75 haiingii nchini. Revolva nayo lazima ipite jaribio la kuangushwa. Kipimo hicho hakimhusu anayetengeneza hapa hapa Marekani. Matokeo yalionekana haraka: mlango wa bastola duni za kigeni ulipofungwa, viwanda vikazuka kusini mwa California kutengeneza bastola ndogo za bei ya chini ambazo, kama zingekuja kwa meli, zingezuiwa bandarini.

Niwaombe sasa tuitazame bastola yenyewe kwa karibu. Walinzi wanivumilie, hili wanalijua. Risasi zinakaa ndani ya magazini, na magazini inaingia kwenye mpini. Ukivuta slaidi nyuma na kuiachia, yaani ukikoki, risasi moja inapanda na kuingia kwenye chemba, tayari kupigwa. Sasa mtu asiyezoea anataka kuiondoa risasi. Anabonyeza kitufe, magazini inachomoka, anaiona mkononi mwake, anaona risasi zake zimo humo. Akili yoyote ya kawaida inamwambia bastola iko tupu. Ile moja iliyopanda kwenye chemba bado ipo, haionekani, na akivuta triga inatoka.

Fundi anaweza kuzuia ajali hiyo kwa njia mbili ambazo si ngeni hata kidogo. Ya kwanza ni kijichuma kinachofunga triga pale magazini inapokuwa imechomolewa. Ya pili ni kielekezi juu ya chemba, kinachoinuka au kuonyesha rangi nyekundu ikiwa mna risasi. Zipo bastola zenye vifaa hivi, na zipo nyingi zisizo navyo, na anayeamua ni kiwanda.

Mwaka 1991 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza vifo vya ajali za bunduki. Ilikadiria kwamba asilimia 31 ya vifo hivyo vingezuilika kwa vifaa viwili: asilimia 8 kwa kifaa cha kumzuia mtoto mdogo asiweze kufyatua, na asilimia 23 kwa kielekezi cha risasi. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu ripoti hiyo iwekwe mezani, na hakuna sheria ya shirikisho iliyodai kifaa hata kimoja.

Huko Illinois, mwaka 2001, kijana wa miaka 13 alichukua bastola ya baba yake, akachomoa magazini, akaamini iko tupu, akamlenga mwenzake kwa mchezo. Mwenzake alifariki. Familia ya marehemu ikamshtaki mtengenezaji, Beretta, ikisema bastola hiyo ingepaswa kuwa na kile kijichuma, au angalau onyo la wazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya jimbo ikatupa madai yao. Nitarudi kueleza kwa nini, maana sababu yenyewe iko ndani ya sheria ya mwaka 2005 inayowakinga watengenezaji wa bunduki.

Kabla ya hapo niwape kesi ya California, kwa sababu inaonyesha kitu kinachotokea pale mahakama inapoachwa peke yake ifanye kazi ya mkaguzi. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi na rafiki wa familia aliyekuwa anajaribu kuitoa risasi kwenye bastola ya kampuni ya Bryco. Bastola hiyo ilitengenezwa kwa namna ambayo huwezi kuvuta slaidi ikiwa sefti, yaani kile kitufe cha usalama, imefungwa. Yaani, ili uifanye iwe salama, lazima kwanza uitoe kwenye usalama. Mawakili wa mtoto walieleza kwamba muundo huo ulichaguliwa ili kuficha tatizo la risasi kukwama. Mtoto akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Mwaka 2003 jopo la raia waliosikiliza kesi huko Oakland liliamua kampuni hiyo, mwenyewe na washirika wake walipe dola milioni 24 hivi.

Kampuni ikaomba kufilisika mara tu baada ya hukumu. Mali zake zikapelekwa mnadani mwaka 2004. Kijana yule na watu wake walichangisha fedha wainunue mitambo pamoja na bastola zilizobaki, ili ziyeyushwe. Walishindwa kwa bei. Aliyekuwa msimamizi wa kiwanda hicho hicho alinunua kwa dola 510,000 na utengenezaji ukaendelea chini ya jina jipya. Ndugu zangu, mahakama ilikubali kwamba muundo ulikuwa na kasoro, na bado hapakuwa na ofisi yoyote serikalini yenye uwezo wa kusema muundo huu usitengenezwe tena, na zilizoko majumbani zirudishwe. Mahakama inatoa fidia kwa aliyeumia. Anayefuata inamsubiri naye aumie.

Wawindaji wanaijua Remington 700. Ni bunduki inayopendwa, imekuwepo sokoni tangu 1962, na mamilioni ya watu wameitumia bila tatizo. Lakini kwa miongo mingi walikuwepo waliosema ilipiga bila triga kuguswa, kwa mfano pale walipotoa sefti ili waondoe risasi. Mama mmoja kule Montana alimpoteza mtoto wake wa miaka 9 mwaka 2000 katika hali hiyo, wakiwa wanamaliza safari ya kuwinda. Kampuni ilishikilia kwamba bunduki zake ni salama. Mwishowe ilikubali makubaliano ya kesi ya pamoja, yaliyopitishwa na jaji mwaka 2017, ya kubadilishia triga bure wamiliki wa bunduki zipatazo milioni 7.5. Waliojitokeza kudai walikuwa sehemu ndogo mno. Wengine hawakuwahi kusikia habari hiyo.

Hapa ndipo tofauti na gari inapouma. Gari likiwa na kasoro ya breki, kiwanda kinalazimika kukutafuta kwa barua, na barua inakufikia kwa sababu gari limesajiliwa kwa jina lako. Bunduki haina daftari la kitaifa, na sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuunda daftari hilo. Mimi sidai lianzishwe. Fomu uliyojaza dukani inabaki kwa muuzaji, na muuzaji angeweza kuagizwa kukupigia simu pale kiwanda kinapotangaza kasoro. Mlolongo ni mfupi na jina lako haliendi Washington. Lakini ili agizo kama hilo liwepo, lazima kuwe na mwenye mamlaka ya kulitoa.

Sasa niseme kwa haki upande wa pili, kwa sababu kuna watu humu wanaouamini na si watu wajinga.

Hoja yao ya kwanza ni hofu, na hofu hiyo ina historia. Mwaka 1974 kikundi kimoja cha Chicago kilichotaka bastola zipigwe marufuku kilipeleka ombi kwa tume, kwamba risasi za bastola zitangazwe kuwa kitu hatari na zisiuzwe kabisa. Tume ikasema haina uwezo huo. Jaji mmoja wa shirikisho akaiamuru ilifikirie ombi hilo. Kwa mwenye bunduki hapo ndipo kengele ilipolia: ofisi iliyoundwa kupima vitanda vya watoto ingeweza, kwa tangazo moja, kuifanya bastola yake isiwe na kazi. Bunge likajibu mwaka 1976 kwa kuandika waziwazi kwamba tume isiguse utengenezaji wala uuzaji wa bunduki na risasi. Wenye hofu ile walikuwa wameona ombi kwa macho yao. Nadhani sisi tunaotaka ukaguzi tungekuwa tumefika mbali zaidi kama tungekubali jambo hilo mapema na kusema hadharani kwamba njia ya mlango wa nyuma haikuwa sahihi.

Hoja ya pili ni kwamba viwanda vinajisimamia vyenyewe. Kuna taasisi ya watengenezaji, SAAMI, iliyoanzishwa 1926, inayoweka viwango vya shinikizo la risasi, vipimo vya chemba na jaribio la kuangusha. Ni kazi nzuri ya kihandisi, na risasi ya kampuni moja inaingia salama kwenye bunduki ya kampuni nyingine kwa sababu yake. Ila viwango hivyo ni vya hiari. Kiwandani kwetu, kama ukaguzi wangu ungekuwa wa hiari, sijui ni meneja gani angesimamisha mitambo mwisho wa mwezi wakati maagizo yanasubiri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba ajali ni sehemu ndogo. Ni kweli. Mwaka 2021 watu 48,830 walifariki kwa bunduki nchini humu. Kati yao 26,328 walijiua, na 20,958 waliuawa. Waliofariki kwa ajali walikuwa kama 550. Bastola isiyo na kasoro hata moja inaua vizuri zaidi ikiwa mikononi mwa mwenye nia mbaya. Atakayekuambia kwamba viwango vya bidhaa vitamaliza mauaji katika miji yetu anakudanganya. Lakini mia tano na ushee kwa mwaka ni watu, na miongoni mwao wamo watoto, na majeruhi ni wengi kuliko waliokufa. Kofia za chupa za dawa zililazimishwa na sheria ya mwaka 1970 kwa ajili ya watoto wadogo, na hakuna aliyesubiri mpaka vifo vifike maelfu kadhaa.

Mwaka 1993 tume ilipitisha kanuni kwamba viberiti vya gesi vitengenezwe kwa namna ambayo mtoto wa chini ya miaka 5 atashindwa kuviwasha. Kipimo chake kilikuwa cha vitendo kabisa: kundi la watoto wanapewa viberiti visivyo na gesi, na angalau asilimia 85 yao lazima washindwe. Kanuni ilianza kazi 1994. Mvutaji wa sigara hakupokonywa kiberiti chake, hakuandikishwa popote, wala hakuulizwa anakitaka cha nini. Alikuta kimekuwa kigumu kidogo kwenye dole gumba, na moto wa nyumba unaowashwa na watoto ukapungua sana.

Na msidhani watengenezaji wa bunduki hawajui kufanya hivyo. Smith & Wesson walianza kuuza mwaka 1887 revolva yenye kibonyezo nyuma ya mpini, ambayo haifyatuki mpaka kiganja kiibane kwa nguvu ya mtu mzima. Iliendelea kutengenezwa mpaka karibu 1940. Yaani karne ya kumi na tisa tatizo la kidole cha mtoto lilikuwa limeshafikiriwa na kupatiwa dawa.

Kampuni hiyo hiyo, mwezi Machi 2000, ilitia saini makubaliano na serikali ya Clinton: kufuli kwenye kila bastola, majaribio ya usalama, na fedha za utafiti wa bastola inayomtambua mwenyewe. NRA, chama kikubwa cha kutetea wenye bunduki, kikasema kampuni hiyo imesalimu amri, na wanunuzi wakaisusia. Mwaka uliofuata wamiliki wake Waingereza, Tomkins, waliokuwa wameinunua kwa dola zaidi ya milioni 110 mwaka 1987, wakaiuza kwa dola milioni 15 pamoja na madeni yake. Kila mkurugenzi wa kampuni nyingine aliliona hilo. Hii ndiyo sababu mimi sitegemei kiwanda kimoja kijitokeze peke yake. Kiwango kikiwa cha sheria kinawabana wote siku moja, na mwema haadhibiwi na soko.

Sasa ile sheria ya 2005. Ilitiwa saini na Rais Bush tarehe 26 Oktoba mwaka huo, na inawakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki dhidi ya kesi zinazotokana na matumizi mabaya ya watu wengine. Wengi wanaamini inazuia kesi zote. Haizuii zote. Kasoro ya muundo imeachiwa nafasi. Lakini ndani ya nafasi hiyo kuna sharti: ikiwa risasi ilitoka kwa kitendo cha hiari kilicho kosa la jinai, basi kitendo hicho ndicho kitakachohesabiwa kuwa chanzo pekee. Ndilo lililoiangusha ile familia ya Illinois. Kijana wa miaka 13 alivuta triga mwenyewe, mahakama ya watoto ilikuwa imeshamtia hatiani, basi kiwanda kikatoka. Kwamba aliamini bastola ni tupu halikubadilisha kitu. Kwa hiyo ukaguzi kabla ya ajali haupo, na mlango wa mahakama baada ya ajali umebakizwa ufa. Niseme pia, kwa haki, kwamba sheria hiyo hiyo iliwalazimisha wauzaji wenye leseni kukupa kufuli kila unaponunua bastola. Usiiache dukani.

Yako majimbo yaliyojaribu yenyewe. Massachusetts ilitumia sheria zake za kumlinda mlaji, kanuni zikatolewa na mwanasheria mkuu wa jimbo, na mahakama ya juu ya jimbo ikazikubali mwaka 1999. California ina orodha ya bastola zilizofaulu majaribio, ingawa baadhi ya masharti yake yamepingwa mahakamani tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipobadilisha kipimo cha kesi za silaha mwaka 2022. Sisi Ohio hatuna kitu cha namna hiyo. Na tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 ambaye sheria haimzuii anaweza kubeba hapa bastola iliyofichwa bila kibali na bila darasa lolote. Sitaki kufungua ubishi wa sheria hiyo usiku huu. Nasema tu kwamba kadiri wanaobeba bila mafunzo wanavyoongezeka, ndivyo chombo chenyewe kinavyopaswa kumsamehe anayekosea.

Yuko mbunge mmoja wa Michigan, marehemu John Dingell, aliyekaa Bungeni karibu miaka 60, ambaye alikuwa na mkono mkubwa katika kuiondoa bunduki kwenye sheria ya 1972. Alikuwa mwindaji na aliwahi kuwa kwenye bodi ya NRA. Mjane wake, Debbie Dingell, alirithi kiti chake, na mwaka 2019 alipeleka mswada wa kuufuta mstari ule ule. Haukupita. Nimewatajia kwa sababu napenda ninyi mnaoogopa kwamba jambo hili ni la maadui wa wenye bunduki mjue limetoka hata ndani ya nyumba ya mwindaji.

Mimi ningependa mswada wa namna hiyo urudi ukiwa na kifungu kimoja zaidi, kinachosema waziwazi kwamba tume haiwezi kupiga marufuku aina ya silaha, wala kuweka daftari la wamiliki. Kazi yake iwe muundo, majaribio, na kuamuru bidhaa yenye kasoro irudishwe. Hofu ya 1974 iandikiwe ukuta wake ndani ya sheria yenyewe. Nimemwandikia mbunge wa eneo letu hivyo. Nimeweka nakala za barua yangu kwenye meza ya nyuma, kwa Kiingereza na Kiswahili, na mwenye uraia akitaka kuibadilisha na kuipeleka kwa jina lake, karibu. Asiye raia naye anaweza kuandika, wabunge wanahudumia wakazi wote.

Kwa wenye silaha nyumbani tayari, machache. Msisubiri barua ya serikali, haitakuja. Andika aina na namba ya bastola yako leo, ingia kwenye tovuti ya aliyeitengeneza uangalie kama kuna tangazo la kuirudisha. Walinzi, wengi wenu mnapewa SIG P320. Mwaka 2017, baada ya watu kuonyesha kwamba inaweza kulipuka ikianguka, kampuni ilitangaza marekebisho ya bure, ikayaita ya hiari. Malalamiko mengine yamefika mahakamani baada ya hapo, na kampuni inasema bastola ni salama. Muulize mwajiri wako kama uliyopewa ilirekebishwa, na umwombe jibu kwa maandishi. Bastola ikipiga wakati hukuivuta, usiirudishe kiunoni kwa sababu haikumpata mtu. Ipeleke kwa fundi mwenye leseni, piga picha, andika kwa kiwanda, tunza nakala.

Na unapoiondoa risasi, elekeza mtutu mahali salama, chomoa magazini kwanza, kisha vuta slaidi mpaka nyuma uifunge hapo, utazame ndani ya chemba kwa jicho, halafu uingize kidole. Mfundishe na mkeo au mumeo, hata kama hataki kuishika.

Pale mezani kuna kufuli za waya pia, ni za bure, chukua moja kwa kila silaha uliyo nayo. Maswali tuyaanze na walinzi, maana najua zamu ya usiku inaingia saa nne.